Saa za Muuguzi Zisizoonekana: Mgonjwa Aliyetengwa katika Idara ya Dharura

Katika idara nyingi za wagonjwa wa dharura hapa Afrika Mashariki, wauguzi wa zamu hupangwa kwa kuhesabu vichwa. Wakati wa makabidhiano huulizwa vitanda vilivyojaa ni vingapi na wauguzi waliofika ni wangapi, kisha wagonjwa hugawanywa kadiri inavyowezekana. Hesabu hiyo ina kasoro ambayo wauguzi huijua vizuri kuliko wanaopanga ratiba: mgonjwa aliyetengwa kwa sababu ya maambukizi huandikwa kuwa mgonjwa mmoja, ilhali saa anazozihitaji zinaweza kuwa za wagonjwa wawili, watatu au zaidi. Makala haya yanaeleza saa hizo zinatoka wapi, kwa nini hazionekani daftarini, na kwa nini katika mazingira yetu sehemu kubwa ya saa hizo haitokani na gauni wala barakoa, bali na kuondolewa kwa ndugu kando ya kitanda.

Kutengwa si jambo la aina moja. Mgonjwa wa kipindupindu hutengwa ili kinyesi na matapishi yake yasiwafikie wengine kwa mikono, nguo na vyombo. Anayemhudumia huhitaji glavu, gauni au aproni, na maji yenye klorini. Mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria wa meningokoka hutengwa kwa sababu ya matone yanayoruka anapokohoa au kuzungumza, ambayo kwa kawaida hayafiki mbali. Kifua kikuu, surua na tetekuwanga huhitaji tahadhari nyingine, kwa kuwa vimelea vyake huelea hewani hata baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, na hapo hitaji la kwanza ni hewa ya kutosha kupita, pamoja na barakoa maalumu ya N95 kwa mhudumu wa mgonjwa wa kifua kikuu. Juu ya hao wote kuna Ebola na Marburg, ambazo humlazimu muuguzi kufunika mwili mzima, ngozi isionekane hata kidogo. Wapo pia wanaotengwa ili walindwe wao, kama mgonjwa wa saratani ambaye tiba imepunguza mno chembe nyeupe za damu yake. Idara moja ya dharura inaweza kuwa na wagonjwa wa aina tatu kati ya hizi kwa usiku mmoja, na muuguzi mmoja akahitajika kubadilisha kinga kila anapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Kinachoitofautisha idara ya dharura na wodi ni kwamba mgonjwa huingia akiwa hana jina la ugonjwa. Wodini mtu hupokewa akiwa na faili, majibu ya maabara na uamuzi wa daktari. Mlangoni pa dharura hufika mtu mwenye homa, au anayekohoa, au anayeharisha, na muuguzi wa triaji, yaani anayewapanga wagonjwa kwa uharaka wa hali zao, ndiye wa kwanza kuamua kama akae kwenye benchi pamoja na wengine au la. Vipimo vya triaji tunavyovitumia havikutungwa kwa ajili ya swali hilo. Kile cha Afrika Kusini, kilichoanza kutengenezwa mwaka 2004 na kikaenea katika nchi nyingi za bara letu, huangalia jinsi mgonjwa alivyofika, kasi ya kupumua, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto la mwili, fahamu na kama ana jeraha, kisha humpa rangi. Nyekundu huhudumiwa papo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa 1, na kijani ndani ya saa 4. Ni kipimo kizuri kwa kazi yake, yaani kumwona mapema anayekaribia kufa. Lakini mtu mwenye kifua kikuu cha mapafu anayetembea mwenyewe, asiye na homa kali, anayezungumza vizuri, anaweza kupewa kijani, na kijani maana yake ni kwamba yeye ndiye atakayekaa muda mrefu kuliko wote kwenye chumba cha kusubiria, akikohoa katikati ya wajawazito, wazee na watoto. Kwa hiyo triaji huhitaji swali la pili lililo huru na rangi: je, huyu anahatarisha walio karibu naye? Jibu likiwa ndiyo, mtu wa kijani anaweza kuhitaji chumba kabla ya mtu wa njano, na hapo ndipo mzigo wa muuguzi unapoanza kutoendana na rangi iliyoandikwa kwenye kadi.

Majengo yanaongeza tatizo au yanalipunguza. Idara kamili ya kwanza ya dharura katika hospitali ya umma nchini Tanzania ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na baada ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kupambana na UVIKO-19 uliopatikana mwaka 2021, majengo ya dharura yalijengwa katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Hayo ni maendeleo makubwa na ya kupongezwa. Hata hivyo jengo jipya lenye madirisha madogo na kiyoyozi kinachozungusha hewa ile ile linaweza kuwa hatari zaidi kwa maambukizi ya hewani kuliko wodi kongwe ya wakati wa ukoloni yenye dari ya juu na madirisha makubwa yanayotazamana. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha jambo hilo hilo: vyumba vya zamani vilipitisha hewa kuliko vya kisasa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unataka chumba chenye mgonjwa wa maambukizi ya hewani kinachotegemea upepo wa asili kipitishe wastani wa lita 160 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa. Chumba kisipofikia hapo, pengo huzibwa na muuguzi: anavaa N95 muda mrefu zaidi, anamhamisha mgonjwa mara kwa mara, anasimama mlangoni kuwazuia watu wasiingie.

Muda unaoishia mlangoni

Sehemu ya mzigo inayoonekana kwa urahisi ni ya kuvaa na kuvua. Kusafisha mikono kwa kipukusi cha alkoholi huchukua sekunde 20 hadi 30, na kunawa kwa maji na sabuni sekunde 40 hadi 60, ikiwa kunafanywa inavyotakiwa. Ongeza gauni, barakoa na glavu wakati wa kuingia, na kuvua kwa utaratibu wakati wa kutoka, kwa kuwa ni wakati wa kuvua ndipo wahudumu wengi hujichafua. Tukadirie dakika 5 tu kwa kila kuingia na kutoka, na tuseme muuguzi ameingia mara 12 katika zamu ya saa 8. Saa nzima imekwisha kabla hajamgusa mgonjwa, nayo ni moja ya nane ya zamu.

Kwa Ebola na Marburg hesabu hupanda ghafla. Kuvaa huhitaji mtu wa pili wa kukagua, na kuvua huhitaji mtu wa pili wa kusimamia kila hatua na kumtamkia mhudumu aliyechoka nini kinafuata. Tukikadiria robo saa ya kuvaa na robo saa ya kuvua, kila kuingia kunagharimu nusu saa ya watu wawili, yaani saa moja ya kazi. Juu ya hapo, ndani ya vazi lile joto hupanda kiasi kwamba katika mazingira ya kitropiki muda wa kukaa hulazimika kuwekewa kikomo, mara nyingi saa moja hivi, na anayetoka huhitaji kupumzika na kunywa maji kabla ya kurudi. Anayeona kwamba wauguzi wanne kwa mgonjwa mmoja wa aina hiyo ni anasa hajapata kuvaa vazi lile.

Lakini katika idara ya dharura upo muda mwingine ambao haupimwi kwa saa ya ukutani, nao ni muda ambao muuguzi hapatikani. Akiwa chumbani na gauni lililochafuka, hawezi kutoka mbio ajali ikiletwa. Mgonjwa mwenye degedege akiingizwa kwa machela, muuguzi wa chumba cha kutengea atasikia kelele, naye atalazimika kuchagua kati ya kuvua kwa haraka, jambo linalomweka yeye na wengine hatarini, au kuendelea na kazi yake akijua mwenzake yuko peke yake. Wodini mambo haya hutokea mara chache kwa sababu wagonjwa wanajulikana, lakini kwenye dharura ni ya kila siku. Kwa hiyo hata mgonjwa aliyetengwa ambaye hali yake ni tulivu hupunguza uwezo wa idara nzima kuwapokea wengine, nao upungufu huo hauandikwi kwenye jina la mtu yeyote.

Kisha kuna kukwama. Idara ya dharura imepangwa kwa saa za mwanzo: kupokea, kuimarisha hali, kuamua, kuhamisha. Mgonjwa aliyetengwa huhama kwa shida, ama kwa sababu wodi haina chumba cha peke yake, ama kwa sababu wodi haitaki kumpokea kabla ya majibu. Mashine ya GeneXpert hutoa majibu ya kifua kikuu kwa muda usiozidi saa mbili tangu sampuli iwekwe, lakini mgonjwa asiyeweza kutoa makohozi usiku, mtaalamu wa maabara anayekuja asubuhi, au foleni ya sampuli, hugeuza saa mbili kuwa siku nzima. Katika siku hiyo muuguzi wa dharura hugeuka muuguzi wa wodi: analisha, anageuza, anaosha, anatoa dawa za ratiba, huku bado akitarajiwa kupokea majeruhi.

Mikono ya ndugu

Hapa ndipo mazingira yetu yanapotofautiana na vitabu vingi vya fani hii. Katika hospitali zetu, ndugu wa mgonjwa si mgeni wa saa ya kutazama wagonjwa. Yeye ndiye anayemwosha uso, anayempa uji, anayemshika mkono kwenda msalani, anayemwaga mkojo, anayefua shuka, anayekimbilia duka la dawa na dirisha la malipo, anayepeleka sampuli maabara na kurudi kuuliza majibu. Na kuna kazi moja ya ndugu ambayo haisemwi sana ingawa huokoa maisha: yeye ndiye kengele. Kitandani hakuna kitufe cha kuita, na mashine ya kufuatilia mapigo ni chache, lakini yupo dada au shangazi anayetoka mlangoni na kusema, "Sista, dripu ya mama imekwisha," au, "Nesi, njoo, naona anapumua vibaya." Idara yenye muuguzi mmoja kwa wagonjwa 10 au 15 husimama kwa sababu ya macho hayo.

Mgonjwa akitengwa, macho hayo na mikono hiyo huondolewa kwa amri moja. Ni amri ya lazima katika magonjwa mengi, sipingani nayo. Ninachosema ni kwamba kazi zilizokuwa zikifanywa na watu watatu wanaopokezana, bila malipo na bila kuandikwa popote, huhamia siku hiyo hiyo kwa muuguzi aliyekuwa tayari amezidiwa. Kumgeuza asiyejiweza kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya kulalia ni mara 4 katika zamu, na mtu mzima mzito hageuzwi na mtu mmoja. Kumlisha anayemeza kwa shida kunaweza kuchukua nusu saa kwa mlo. Kumbadilisha anayeharisha hakuna ratiba. Tena ndugu hawatoweki kwa kuzuiwa mlangoni; wamekaa chini ya mti au kwenye ngazi, wana hofu, na wana haki ya kujua. Mtu fulani lazima atoke kuwaeleza, apokee chakula walicholeta, awaambie vyombo gani havitarudi na kwa nini. Asipotoka, uvumi hujaza nafasi yake, na uvumi ukishaanza, mgonjwa anayefuata hufichwa nyumbani.

Kipindupindu kinaonyesha uzito huu kuliko ugonjwa mwingine wowote ninaoujua, kwa kuwa tiba yake ni rahisi kuielewa na ngumu kuitekeleza mtu akiwa mmoja. Mtu mzima mwenye kilo 60 aliyepungukiwa maji kupita kiasi hupewa mililita 100 kwa kila kilo kwa njia ya mshipa ndani ya saa 3: mililita 30 kwa kilo katika nusu saa ya kwanza, kisha 70 kwa kilo katika saa mbili na nusu zinazofuata. Hiyo ni lita 1.8 katika dakika 30, halafu lita 4.2, jumla lita 6. Kwa chupa za mililita 500, ni chupa 12. Katika nusu saa ya kwanza chupa hubadilishwa kila baada ya dakika 8 hivi, na mara nyingi hulazimu mishipa miwili itobolewe kwa wakati mmoja. Wakati huo huo hali yake huangaliwa kila robo saa mpaka mapigo ya kwenye kifundo cha mkono yarudi kwa nguvu, ndoo za kinyesi na matapishi hupimwa ili kujua kinachopotea, kisha hutiwa klorini na kumwagwa, na maji ya chumvi na sukari, yaani ORS, huanzishwa kinywani mara tu anapoweza kunywa, kikombe baada ya kikombe. Wagonjwa watatu wa namna hiyo wakiletwa pamoja kutoka mtaa mmoja, kama ilivyo kawaida ya kipindupindu, ni chupa 36 katika saa 3. Katika kambi za kipindupindu zilizoandaliwa vizuri, ndugu mmoja huruhusiwa kukaa na kunywesha, naye hufundishwa kunawa na kupewa nafasi yake. Kwenye dharura ya hospitali, ambako chumba ni kimoja na kimebanwa, mara nyingi hafiki ndani, na kikombe kile cha ORS kinabaki juu ya meza kikiwa kimejaa.

Madhara ya kuangaliwa kwa nadra

Muuguzi aliyezidiwa hatumii muda asio nao. Atakachofanya ni kupunguza mara za kuingia, tena bila kukusudia, na hilo limechunguzwa kwa makini katika nchi zenye wauguzi wengi kuliko sisi. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa hospitali mbili, moja ya Toronto na nyingine ya Boston, uliowalinganisha wagonjwa waliotengwa kwa sababu ya bakteria sugu na wagonjwa wengine wanaofanana nao. Waliotengwa walipata madhara ya kihospitali karibu mara mbili ya wenzao, na madhara yaliyoongezeka yalikuwa hasa yale yanayozuilika kwa uuguzi wa kawaida: kuanguka, vidonda vya kulalia, kuvurugika kwa maji na chumvi mwilini. Vipimo vyao vya joto, mapigo na shinikizo viliachwa bila kuandikwa mara nyingi zaidi, na malalamiko yao kuhusu huduma yalikuwa mengi zaidi. Ni vigumu kuulaumu ugonjwa uliowatenga peke yake kwa madhara ya namna hiyo.

Kwa upande mwingine, kinachowezekana pale uuguzi usipopunguzwa kilionekana Rwanda mwaka 2024. Mlipuko wa Marburg ulitangazwa tarehe 27 Septemba na kumalizika rasmi tarehe 20 Desemba, ukiwa umewapata watu 66 na kuwaua 15. Karibu asilimia 80 ya waliougua walikuwa watumishi wa afya, kwa sababu mgonjwa wa mwanzo alihudumiwa hospitalini kabla ugonjwa haujajulikana. Na hapo pana funzo chungu kuhusu kile kinachotokea triaji inapokosa swali lake la pili. Lakini vifo vilikuwa chini ya robo ya wagonjwa, ilhali katika mlipuko wa Angola wa 2004 na 2005 walikufa takriban watu 9 kati ya kila 10. Wagonjwa wa Rwanda walipewa dawa za majaribio, wengi wao walikuwa vijana wenye afya, na waligunduliwa mapema baada ya mlipuko kutambuliwa. Haitakuwa haki kuupa uuguzi sifa yote. Hata hivyo walipata pia uangalizi wa wagonjwa mahututi ndani ya kutengwa, na wawili waliowekewa mpira wa kupumulia walitolewa mpira huo wakiwa hai, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa mgonjwa wa Marburg barani Afrika. Mgonjwa wa mpira wa kupumulia huhitaji mtu kitandani muda wote. Kwa hiyo hata katika ugonjwa unaoogopwa kuliko yote, chumba cha kutengea kinaweza kuwa mahali pa tiba, mradi saa za wauguzi ziwepo.

Mahitaji ya mgonjwa si ya mwili peke yake. Anayetengwa huona macho tu ya wanaomhudumia, hajui ni nani aliyeingia, na mara nyingi hupewa maelezo kwa haraka kupitia barakoa mbili. Mzee asiyesikia vizuri huchanganyikiwa. Mtoto hupiga kelele mpaka achoke. Kuandika jina kwa kalamu nzito kifuani, kumwambia mgonjwa mwanzoni kwa nini ametengwa na lini atajua majibu, kumwachia simu yake ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, kumruhusu shehe au padri azungumze naye dirishani: haya huchukua dakika chache kila moja, lakini ni dakika zinazohitaji mtu.

Mashariki mwa Kongo, kule Beni na Butembo, ambako Ebola iliwapata watu 3,470 kati ya 2018 na 2020, walitafuta njia za kurudisha sehemu ya kile ambacho kutengwa kunaondoa. ALIMA, shirika la kimataifa la huduma za tiba, lilitumia vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, vyenye mikono ya glavu iliyojengewa ukutani, hivyo muuguzi aliweza kubadilisha dripu akiwa nje bila kuvaa vazi zima, na ndugu waliweza kumwona mgonjwa wao uso kwa uso. Waliopona, ambao miili yao ilikuwa imepata kinga, waliajiriwa kuwalea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa, na kuwabembeleza waliokuwa ndani. Hilo la pili lilinigusa zaidi, kwa sababu waliotekeleza mpango ule walitambua kwamba kuna kazi ya ndugu, wakaitafutia mtu wa kuifanya, badala ya kudhani kwamba itajifanya yenyewe.

Vipimo vya mzigo na kile visichokiona

Wataalamu wamebuni njia za kupima mzigo wa uuguzi kwa muda badala ya vichwa. Inayotajwa sana ni kipimo cha shughuli za uuguzi kinachojulikana kwa kifupi kama NAS, kilichochapishwa mwaka 2003 kwa ajili ya vyumba vya wagonjwa mahututi. Kina vipengele 23, na jumla yake ni asilimia ya saa 24 za muuguzi mmoja. Alama moja ni dakika 14.4. Kazi ya kutenga imo ndani ya kipengele cha usafi: alama 4.1 kwa kawaida, 16.5 ikiwa kazi hiyo imezidi saa 2 katika zamu yoyote, na 20 ikiwa imezidi saa 4. Alama 20 ni karibu saa 4 na dakika 48 za muuguzi kwa siku, kabla ya dawa, vipimo, kumgeuza na kila kitu kingine. Hapo tayari tunaona umbali uliopo kati ya kipimo hicho na daftari linaloandika "1".

Lakini kitazame kipengele kinachowahusu ndugu. Katika NAS, ndugu ni kazi: kuzungumza nao na kuwafariji kwa saa 3 au zaidi katika zamu kunaongeza alama 32. Kipimo kilitungwa mahali ambapo muuguzi ndiye anayefanya uuguzi wote, na ndugu huongeza mahitaji yake. Kwetu ndugu huongeza mahitaji hayo na pia huyapunguza, na upunguzaji huo haumo popote katika vipengele 23. Anayekileta kipimo hicho katika idara zetu bila kukifanyia marekebisho atapata alama za chini kwa mgonjwa wa kawaida, kwa kuwa muuguzi hakumwosha, na bado hataelewa kwa nini aliyetengwa amepanda ghafla. Sheria za uwiano nazo hazitoshi. California, kwa sheria inayotekelezwa tangu mwaka 2004, hairuhusu muuguzi wa dharura kuwa na wagonjwa zaidi ya 4, na hushuka hadi 2 kwa mahututi. Ni ulinzi mkubwa, lakini nao unapima ukali wa hali, si kutengwa.

Kwa nchi zetu njia iliyo karibu zaidi ni ile ya Shirika la Afya Duniani iitwayo WISN, ambayo wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda zimewahi kuitumia kukadiria ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika. Kanuni yake ni kuchukua idadi ya huduma kwa mwaka, kuizidisha kwa muda wa kawaida wa huduma moja, na kuigawanya kwa saa ambazo mtumishi mmoja anapatikana kazini kwa mwaka baada ya kuondoa likizo, ugonjwa na mafunzo. WISN haikatazi kuwatenganisha wagonjwa kwa aina. Hukosea tu pale inapolishwa takwimu za jumla, "wagonjwa wa dharura waliohudumiwa", kwa sababu hapo aliyeshonwa kidole na aliyetengwa kwa kipindupindu hupewa wastani mmoja. Tuchukue mfano wa tarakimu za kufikirika. Idara inawatenga wagonjwa 1,000 kwa mwaka. Mgonjwa wa kawaida anapewa saa 1.5 za muuguzi, aliyetengwa saa 4. Tofauti ni saa 2,500. Ikiwa muuguzi mmoja anapatikana saa 1,600 kwa mwaka, idara hiyo inafanya kazi ya muuguzi mmoja na nusu ambaye haonekani kwenye ombi lolote la ajira.

Wakati ikama inasubiriwa, baadhi ya mambo yanaweza kupangwa ndani ya idara. Kukusanya kazi, yaani kuingia mara moja na kufanya vipimo, dawa, kugeuza na kubadilisha shuka kwa pamoja, huokoa muda mwingi wa mlangoni; lakini kuna hatari yake, kwa kuwa mgonjwa asiyeonwa kwa saa 3 ndiye yule wa utafiti wa Toronto na Boston. Kukusanya kazi kunafaa pale tu ambapo kuna kioo mlangoni au mtu wa nje anayechungulia na kuandika kila nusu saa. Mtu huyo wa nje, anayepitisha dawa na sampuli bila kuingia, si lazima awe muuguzi. Mhudumu wa afya aliyefundishwa anatosha, naye ndiye anayezuia muuguzi kuvua na kuvaa tena kwa sababu ya sindano moja iliyosahauliwa. Na pale ugonjwa unaporuhusu, ndugu mmoja, mtu mzima mwenye afya, aliyefundishwa kunawa na kuvaa, aliyeandikwa jina na kufuatiliwa, arudishwe ndani. Kwa mtoto aliyetengwa kwa sababu ya surua, mama ambaye amechanjwa au aliwahi kuugua surua ana nafasi kando ya kitanda. Kumwacha nje ni kumwongezea muuguzi kazi na kumwongezea mtoto mateso bila kupunguza maambukizi.

Kazi ya kwanza hata hivyo inaweza kuanza kesho asubuhi kwa kalamu na rula. Katika daftari la idara zichorwe safu nne: aina ya tahadhari, saa ya kutengwa, saa ya kuhama, na mara ambazo wauguzi wameingia chumbani kwa kila zamu. Miezi mitatu ya safu hizo inatosha kumwonyesha muuguzi mfawidhi ni zamu ipi inayoelemewa na ni wangapi waliokwama wakisubiri majibu, na humpa mganga mfawidhi tarakimu za idara yake mwenyewe za kuweka mahali pa zile za kufikirika nilizozitumia hapo juu.